Nyumba Aliyoijua kwa Mgongo

Siku aliyohamia katika nyumba ambayo alikuwa ameitazama kwa miaka thelathini na mmoja, Mzee Kimya alishindwa kuipata.

Lori la mizigo lilikuwa limekwisha kuizunguka mitaa ya makazi yale mara tatu. Lilipita mbele ya mageti yaleyale meupe, kando ya michongoma ileile iliyonyolewa sawasawa kama vichwa vya wanafunzi wa bweni, na mbele ya mlinzi yuleyule, ambaye sasa alikuwa ameanza kuwapungia mkono kama jamaa zake. Aliyeshika usukani alikuwa mkwewe, mume wa binti yake wa pekee. Katikati alikaa mkewe, mkongojo mapajani. Dirishani alikaa Mzee Kimya mwenyewe, shingo ameitoa nje kama kobe.

"Baba, tupinde wapi?" mkwe aliuliza kwa mara ya nne, kwa adabu iliyoanza kuchakaa.

"Nenda tu. Iko mkabala na bendera ya saba."

"Sioni bendera, baba. Naona mageti."

"Ukisimama shimo la saba, ziwa likiwa kulia kwako, unaiona hiyo hapo."

"Lakini mimi niko barabarani. Na hilo ziwa lenyewe silioni."

Mkewe akashusha pumzi. "Mwache, mwanangu. Pengine mpaka tupige mpira ndipo akumbuke njia."

Yafaa jambo hili lielezwe mapema, asije msomaji akadhani mzee huyu alikuwa na upungufu wa akili. Kazi yake ilikuwa ukedi, yaani kuubeba mkoba wa fimbo za gofu na kumfuata mwenye mkoba hatua mbili nyuma, kutoka shimo la kwanza hadi la kumi na nane. Uwanja wao ulikuwa umebanwa na ziwa upande mmoja, na upande wa pili ukabanwa na nyumba sitini na nne za wenye nazo. Nyumba hizo zilielekeza nyuso zao barabarani na migongo yao uwanjani. Kimya aliingia kazini kwa lango la watumishi, kando ya banda la mashine za kukatia majani, akatoka kwa lango hilohilo. Kwa hiyo aliijua baraza yenye kiti kibovu, akalijua jiko linalounguza kila kitu, akamjua mume anayevuta sigara kwa kujificha nyuma ya tangi la maji. Mbele ya nyumba hizo hakupata kufika hata siku moja. Alikuwa kama mwanafunzi aliyekaa safu ya nyuma darasani miaka saba: visogo vyote anavijua, nyuso hazijui.

Jina la Kimya alipewa na wachezaji, kwa kuwa kedi mwema hasemi asipoulizwa, naye hata akiulizwa alijibu kwa kidole. Mkewe aliumbwa kinyume chake. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa mpokea simu wa hospitali kuu, akiunganisha wodi na maabara, maabara na chumba cha upasuaji, kwa sauti ambayo iliposema "usikate, tafadhali", hata daktari bingwa hakuthubutu kukata. Alipostaafu yeye, nyonga zake nazo zilistaafu. Penye tambarare alitembea vizuri kwa mkongojo wake, hata mwendo wa nusu saa. Ngazi ndizo zilizomshinda. Nao walikaa ghorofa ya tatu, ngazi arobaini na nane, katika jengo lisilo na lifti. Ili afike kliniki ilibidi mkwe aitwe kutoka kazini, jirani wa chini aombwe, na fundi viatu wa mlangoni aache msumari mdomoni, wambebe juu ya kiti cha jikoni huku kila mmoja akitoa amri yake.

"Siombi makubwa," alimwambia mumewe siku moja, baada ya kiti hicho kukwama kwenye kona ya ghorofa ya pili kwa muda wa kutosha kumaliza umbea wote wa jengo. "Nataka kutoka nje bila kuitisha mkutano. Basi."

Kimya, ambaye kuahidi kwake kulikuwa kwa nadra kama kusema kwake, aliahidi. Angemnunulia nyumba isiyo na ngazi hata moja.

Alipokaribia kustaafu alikusanya akiba yake, kiinua mgongo cha mkewe na bei ya kiwanja cha urithi, akaenda kwa dalali wa nyumba za kando ya ziwa. Dalali alikuwa kijana wa suti ya buluu, mwenye ramani kubwa ukutani na fimbo ndefu ya kuonyeshea.

"Karibu sana, mzee. Hii namba kumi na mbili ni lulu. Vyumba vitatu, ziwa lote mbele yako."

"Hapana," alisema Kimya. "Kila mchezaji anayepinda mpira kulia huuangusha pale. Jumamosi moja mipira kumi na minne. Vioo vyake havimalizi mwaka."

"Sawa. Basi hii ya ishirini."

"Bomba la kumwagilia hupasuka hapo kila kiangazi. Baraza yake ni ya vyura."

"Ya thelathini na tatu?"

"Mbwa."

Dalali aliiweka fimbo yake mezani. "Mzee, umekuja kununua au kunifungia ofisi?"

"Nataka arobaini na moja. Ile ya marehemu daktari wa meno."

Kijana alikuna sikio. "Hiyo iko sokoni mwezi wa kumi na tisa huu. Wanakuja, wanaitazama, hawarudi."

"Wanaogopa mipira. Hawajui kwamba njia ya majani inapinda kabla ya kuifikia. Mpira hauwezi kufika pale labda ubebwe."

"Sidhani kama ni mipira, mzee wangu. Twende na gari langu tukaione kwa mbele. Dakika kumi tu."

Ilikuwa ofa ya bure, tena ya mtu mwaminifu. Lakini Kimya alikuwa amekaa miaka thelathini na mmoja bila kuulizwa maoni yake juu ya chochote kisichokuwa upepo, na leo, kwa mara ya kwanza, alikuwa yeye ndiye mjuzi mbele ya mtu aliyevaa suti. Utamu huo ulimpanda kichwani.

"Kijana," alisema, "nyumba ile naitazama tangu wewe hujaota meno."

"Haya. Ila nitaandika kwenye fomu kwamba mnunuzi amesema anaijua."

"Andika." Akatia sahihi yake hapo chini, kwa mwandiko mzuri wa kulala ambao ungempatia alama kamili shuleni.

Isidhaniwe kwamba hakuikagua. Aliikagua, tena kwa umakini ambao mafundi wengi hawana. Jioni moja baada ya kazi alikatiza majani, akavua viatu barazani, akapokewa na mjane wa daktari wa meno, ambaye alimjua vizuri, kwa kuwa mkoba wa marehemu mumewe ulikuwa ukirudishwa kwenye baraza ileile kila Jumapili kwa miaka ishirini na sita. Kimya alipima upana wa milango kwa mikono. Alipiga magoti akapapasa vizingiti, akavikuta haviuzidi unene wa kidole. Kisha akafanya jaribio la kikedi: alitoa mpira wa gofu mfukoni, akautua katikati ya kila chumba, akasimama kando akingoja. Mpira haukwenda popote. Sebuleni, vyumbani, jikoni, hata bafuni, ulikaa alipouweka kama mgeni asiyetaka kuaga. Nyumba ilikuwa imelala sawa kama maji ndani ya beseni.

Mwisho wa ukumbi palikuwa na mlango uliozibwa na maboksi ya vitabu.

"Na ule, mama?"

"Ah, ule wa mbele. Sogeza hayo maboksi ukitaka kuona." Mjane alisita. "Pale nje pana usumbufu kidogo. Nafikiri dalali amekueleza."

"Amenieleza," alijibu Kimya, kwa sababu hakutaka kumsumbua mjane na maboksi ya marehemu, na pia kwa sababu mtu aliyejitangaza kuwa mjuzi hana tena ruhusa ya kuuliza. Wahenga wamesema kwamba nyumba usiyolala ndani huijui hila yake. Wahenga hao, hata hivyo, hawakuacha onyo lolote kwa mtu aliyekagua kila pembe ya nyumba isipokuwa ile ya kuingilia.

Alistaafu siku ya Ijumaa. Aliirudisha beji yake ofisini, akapewa saa ya ukutani, na Jumamosi asubuhi akapakia vyombo.

Ndivyo ilivyokuwa hata wakawa wanazunguka. Namba za mageti hazikusaidia kitu, kwani zilifuata mfuatano wa kuuzwa kwa nyumba: baada ya tisa ilikuja hamsini na tatu. Mwishowe mkewe aliagiza lori lisimame, akamwita mlinzi.

"Mwanangu, arobaini na moja iko wapi?"

"Mmeipita mara tatu, mama," alisema mlinzi. "Nilidhani mnatembea tu." Akanyoosha kidole kwenye kigeti kifupi cha chuma kati ya vichaka viwili vya maua. Nyuma ya kigeti hapakuwa na nyumba. Palikuwa na anga.

Kimya alishuka, akafungua kigeti, akatazama chini. Ngazi za mawe zilianzia kwenye vidole vya miguu yake zikateremka bondeni, nyembamba, zenye kishikio upande mmoja tu, tena kwa mteremko ambao mbuzi angeufikiria mara mbili. Huko chini kabisa, paa la nyumba yake lilikuwa usawa wa viatu vyake. Ule mwinuko wa maua ambao kutoka uwanjani aliuona nyuma ya nyumba, na ambao siku zote aliusifu kwamba unakinga upepo, ulikuwa ndio huu ukingo aliosimama juu yake. Alizihesabu kwa kidole. Ishirini na sita.

"Kimya," mkewe aliita kutoka kwenye lori.

"Naam."

"Nyumba iko wapi?"

"Iko... iko chini."

Alimsaidia kushuka garini. Mama yule alijikongoja mpaka kwenye kigeti, akaegemea, akatazama kwa muda ambao Kimya angeuona mfupi zaidi kama angechapwa viboko.

"Umeninunulia kisima," alisema hatimaye. "Basi nitafutieni na kamba na ndoo."

Mkwe aligeuka akajifanya anakagua gurudumu, lakini mabega yake yalikuwa yakitikisika. Kwa bahati mbaya hali iliyofuata haikumwacha acheke sana. Kiti cha jikoni kilikuwa kimepakiwa cha kwanza, chini ya kila kitu, hivyo ikabidi vitanda, kabati, magodoro na saa ya ukutani viteremshwe barabarani kwanza, mbele ya macho ya majirani wapya, ndipo kiti kipatikane na mama ateremshwe: mkwe mbele, mpakizi mmoja aliyekuja juu ya mizigo akiwa nyuma, mlinzi pembeni akishauri.

"Polepole! Kushoto! Kushoto kwangu, si kwako!"

"Kule nilifungwa juu," alisema mama alipofikishwa barazani na kuliona ziwa, limetanda mbele yake hatua mia moja tu kutoka alipokaa, na kati yake na ziwa majani tambarare kama meza. "Hapa nimefungwa chini. Nashukuru kwa mandhari."

Kimya alikuwa akiyatazama majani. Yalianzia pale barazani, yakapita bendera ya saba, ya nane na ya tisa, mpaka kwenye lango kubwa la klabu ambako gari lingeweza kusimama mlangoni kabisa. Hapakuwa na ngazi hata moja njia nzima. Na jana, alipokuwa na beji, angeweza kuipita njia hiyo. Leo alikuwa mkazi.

Jumatatu alikwenda kwa katibu wa kamati ya wakazi, bwana mmoja ambaye shati lake lilipigwa pasi hata kwenye vifungo. Katika miaka iliyopita katibu alikuwa akimwita "Kimya, fimbo ya tano!" Sasa hakujua amwite vipi, na kutojua huko kulimfanya awe rasmi kupita kiasi.

"Karibu, Mzee Kimya. Naomba ukae."

"Bwana katibu, naomba ruhusa mke wangu apite kwenye majani kutoka kwetu mpaka langoni. Ana mkongojo. Haendi mbio."

"Kanuni ya kumi na nne," alisema katibu kwa huzuni ya kikazi. "Mkazi, mgeni au mtumishi hatakanyaga majani ya uwanja kwa miguu wala kwa chombo."

"Naijua."

"Unaijua sana, mzee, kwa sababu wewe ndiye ulikuja hapa miaka tisa iliyopita kuiomba. Ulisema wakazi wanakanyaga majani kama mbuzi."

"Sikusema mbuzi."

Katibu alifungua kabati, akatoa jalada, akalamba kidole, akafunua. "Mbuzi," alisoma.

"Basi nijenge mteremko wa magurudumu pale mbele."

"Uso wa nyumba haubadilishwi bila kibali. Ombi liwe na nakala nne na mchoro wa fundi. Kamati itakaa baada ya miezi mitatu."

Aliandika nakala nne. Alimleta fundi, naye fundi akapima, akachora, akafuta, akasema mteremko unaofaa kiti cha magurudumu ungehitaji urefu wa mita sabini na eneo la mbele lilikuwa na mita kumi na moja. "Labda uzungushe kama konokono," alisema fundi, akaondoka akiwa amejichekesha mwenyewe. Kimya aliandika barua kwa dalali. Dalali alijibu kwa heshima, akaambatisha fomu yenye ule mwandiko mzuri wa kulala. Alimpigia simu mjane. Mjane alilia, ikawa Kimya ndiye wa kumbembeleza. Kila mlango aliougonga ulifunguliwa na mtu mwenye haki, na hakuna kitu kinachochosha kama hicho. Ukionewa, angalau utapata wa kumlaumu. Yeye kila alipomtafuta mkosaji alirudi akiwa amejishika shati mwenyewe.

Zikapita wiki sita. Mama alitoka mara moja tu, kwa kiti, kwenda kliniki, na mkwe akapata maumivu ya mgongo yaliyomweka kitandani siku mbili. Yule mtu aliyeitwa Kimya alikuwa sasa amegeuka kuwa msemaji. Alilalamika akiamka, akalalamika akinywa chai, akalalamika peke yake bafuni mpaka mkewe akamgongea mlango kuuliza anazungumza na nani.

"Na katibu!"

"Yumo humo?"

"Angekuwemo ningemwambia zaidi!"

Mkewe, kwa upande wake, alikuwa amepata kitu cha kusoma. Katika bahasha ya kukabidhiwa nyumba mlikuwa na kitabu cha kanuni cha kurasa tisini, ambacho hakuna mkazi aliyewahi kukifungua. Lakini mtu aliyesoma orodha ya simu za hospitali kwa miaka ishirini na minane haogopi kitabu. Alikisoma barazani kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, kama anayetangaza wagonjwa wanaoitwa dirishani.

"Kanuni ya kumi na nne," alisoma asubuhi moja.

"Usinisomee hiyo, mama watoto. Nakuomba."

"'Mkazi, mgeni au mtumishi hatakanyaga majani ya uwanja kwa miguu wala kwa chombo,'" aliendelea, "'isipokuwa mchezaji aliyeandikishwa, akiwa mchezoni, pamoja na kedi wake.'" Akafunua. "Kanuni ya tatu nimeisoma jana. 'Kila nyumba ina haki ya kuandikisha mchezaji mmoja bila ada.' Na ya ishirini na mbili: 'Mchezaji aliyetimiza miaka sitini na mitano ataruhusiwa kigari, nacho kitaendeshwa na kedi.'" Akakifunga kitabu. "Mimi nina sitini na nane."

Kimya aliweka kikombe chini. "Hapana."

"Hapana nini? Sijasema kitu."

"Umekwisha kusema. Wewe hujui gofu! Miaka yote hii umeuita mchezo wa watu wazima kufukuza yai!"

"Bado nauita hivyo. Lakini yai lenyewe likielekea langoni, nitalifukuza."

"Nyonga zako haziruhusu kuzungusha fimbo."

"Kuna ile fupi ya kusukumia mpira ukishafika karibu na shimo. Uliniletea moja iliyopinda, tukawa tunaua nayo mende. Hiyo ninaiweza."

"Fimbo ya kusukumia! Kutoka mwanzo! Njia nzima!" Uso wa mzee ulipauka. Mpishi aliyeambiwa kwamba mchuzi utakorogwa kwa mkongojo asingetaharuki zaidi. Alikuwa amewabebea mikoba watu waliofanya mazoezi miaka kumi ili mpira upae kama ndege, ushuke kama unyoya, na sasa jina lake lingetajwa pamoja na mchezaji anayesukuma mpira ardhini kama anayefagia uwanja. "Watanicheka. Kedi wenzangu wote watanicheka. Ni dharau kwa mchezo!"

"Kimya," mkewe alisema, na sasa sauti haikuwa ya mzaha. "Wewe unaona haya kuchekwa mara moja uwanjani. Mimi nimechekwa juu ya kiti mara ngapi?"

Mzee aliinuka, akaenda kwenye droo alikoitupa kwa dharau, siku ya kwanza, fomu ya kuandikisha mchezaji iliyokuja ndani ya bahasha ya nyumba, akairudisha mezani pamoja na kalamu.

Simu kwa katibu aliipiga mama. Kimya alisikia upande mmoja tu. "Kamati ya wakazi? Hapa ni arobaini na moja. Naandikisha mchezaji... Mimi mwenyewe... Hapana, usikate, tafadhali... Kanuni ya tatu, ukurasa wa sita, aya ya pili. Ninasubiri." Akasubiri. Alijua kusubiri, alikuwa amelipwa mshahara kwa hilo. "Ahsante sana, bwana katibu. Alhamisi saa tatu."

Alhamisi saa tatu asubuhi katibu alikuwapo kwenye shimo la saba, kitabu mkononi, na pasi yake kamili kuanzia kola hadi soksi. Kimya alikuwa amekileta kigari hadi ukingoni mwa baraza. Mkoba aliouvaa begani ulikuwa na fimbo moja tu ndani yake, nayo ilikuwa ikigongagonga kwa upweke. Beji yake ilisomeka: Kedi wa Namba 41.

"Mama, hiyo ni fimbo ya kumalizia," alisema katibu.

"Ndiyo. Mimi nina haraka ya kumaliza."

"Kanuni..."

"Kanuni hazisemi fimbo ipi. Nimezisoma mpaka jina la mchapishaji."

Katibu alimgeukia Kimya kama mtu anayemtafuta mwenzake katika msiba. Kimya alitazama upepo.

Mama akasukuma. Mpira ulikwenda hatua saba, ukasimama kufikiri, ukarudi nyuma nusu hatua. Akapanda kigari, wakaenda hatua sita na nusu, akashuka, akasukuma tena. Kwa desturi ya uwanja anayekwenda polepole huwapisha wanaokuja nyuma, nao wakawapisha watu wanne, kisha watatu, kisha wanne wengine, na kila kundi lilipopita mama aliwasalimu na kuwauliza hali za nyumbani kwao. Mmoja alimtambua kwa sauti. "Mama wa simu za hospitali! Uliniunganisha na wodi ya wazazi nilipopata mtoto wa kwanza!" Kedi wake aliyekuwa nyuma alimkonyeza Kimya, akaonyesha ule mkoba wenye fimbo moja, akaziba mdomo. Kimya alihisi masikio yake yakiwaka moto. Lakini aliona pia kwamba mkewe alikuwa akishuka na kupanda kigari mwenyewe, akisimama juu ya majani kwa miguu yake mwenyewe, na kwamba hakuna mtu aliyekuwa amemshika kwapa tangu saa tatu.

Katibu alichoka kwenye shimo la nane. Alisema amekumbuka kikao.

Ilipotimu saa tano na robo walifika kwenye bendera ya tisa. Ng'ambo tu ya majani yale laini, nje ya lango kubwa, mkwe alikuwa amesimama kando ya gari lake, mlango ameufungua, akiangalia saa. Mpira ulikuwa umesimama mbali na shimo kwa urefu wa mkono. Mama aliutazama, akalitazama gari, akaiegemeza fimbo begani.

"Haya, tumefika. Twende zetu."

"Mpira haujaingia," alisema Kimya.

"Nini?"

"Haujaingia shimoni."

"Kimya, jamani. Nimesukuma mara sabini na moja. Miguu inawaka. Gari lile pale!"

"Mtu asiyemaliza shimo hakuwa mchezoni. Na asiyekuwa mchezoni amekanyaga majani." Alisema hivyo kwa utulivu, huku ameiondoa bendera na kuishika kando, visigino pamoja, kama alivyowafanyia wachezaji wote. "Ingiza."

"Lo! Huyu ndiye mume niliyepewa!" Akasukuma. Mpira ulipita kulia. Akasukuma tena, ukapita kushoto. "Badala ya kusimama kama mlingoti, si uniambie nilenge wapi?"

"Hukuuliza."

Mama alifumba macho, akavuta pumzi kama aliyepigiwa simu na wodi tatu kwa pamoja. "Nimeuliza."

Kimya alichuchumaa, akayasoma majani, kisha akaweka kidole chini, upana wa kikombe kushoto kwa shimo. Mama alisukuma kuelekea kidole. Mpira ukazunguka ukingo, ukasita, ukaanguka ndani kwa mlio mdogo mkavu.

Hakushangilia. Alimkabidhi fimbo, akachukua mkongojo wake, akavuka majani mpaka langoni, akapita, akasimama kando ya gari peke yake. "Umeniona?" alimwambia mkwe. "Hakuna aliyeitwa. Hakuna kikao." Na mkwe, ambaye mgongo wake bado ulimkumbuka kila alipoinama, alisema amemwona, tena amemwona vizuri sana.

Kimya alirudisha bendera, akasawazisha majani kwa kiganja, akaandika sabini na nne kwenye kadi, maana tarakimu ni tarakimu. Alipofika garini mkewe alikuwa amekwisha kukaa mbele, mkoba wake wa mkononi mapajani, anaorodhesha maduka.

"Na kurudi?" alimwuliza. "Tunarudi kwa njia hiihii?"

"Mchezo hauchezwi kinyumenyume," alisema Kimya. "Kurudi ni kuanzia shimo la kwanza, hapa langoni, hadi la sita, jirani na baraza yetu."

"Mashimo sita!"

"Sita."

"Mungu wangu," alisema mama, akamgeukia mkwe. "Endesha haraka, mwanangu. Lazima niwe nimerudi hapa kabla ya saa nane, nisije nikalala njiani."